Bunduki na hatua: namna wawindaji wa Kongo walivyopima umbali

Tukisema juu ya uwindaji wa zamani, wengi wetu tunaanza na nguvu ya bunduki. Tunasema: mkuki ulikuwa dhaifu, bunduki ikaja, tembo wakaisha. Ni kweli kwa sehemu, lakini habari ile inaruka jambo moja kubwa, nalo ni umbali. Mtu wa mkuki, mtu wa gobori na mtu wa fusili yenye kartushi hawakuachana kwa nguvu tu. Waliachana kwa hatua: kila mmoja alikuwa na fasi yake ya kusimama mbele ya kumpiga mnyama, na elimu yake yote ilijengwa juu ya fasi ile.

Katika kurasa hizi tunataka kufuata hatua hizo, kutoka Ituri mpaka Bunkeya na kurudi kaskazini. Tunataka kuonyesha kwamba ufundi wa kupima shabaha ya fusili kwa umbali mbalimbali, ule ambao askari wetu wanauita reglaje, haukufika kwetu pamoja na bunduki yenyewe. Bunduki zilifika nyingi. Ufundi ulibaki mikononi mwa wachache, na sababu yake ni nyepesi sana kuisema: kupima shabaha kunataka kartushi za kupoteza.

Tuanze msituni, maana huko umbali ulikuwa karibu na sifuri. Wambuti wa Ituri waliwinda tembo kwa mkuki. Ndani ya ule msitu jicho haliendi mbali. Mara nyingi ni mita 20 au 30, kisha majani yanafunga. Basi mwindaji alijipaka mavi ya tembo ili harufu ya mtu ipotee, akafuata kwa upande ambao upepo hautamsaliti, akaingia mpaka karibu na mguu wa mnyama, akachoma tumbo au mshipa wa nyuma ya goti, akakimbia. Baada ya pale ni kufuata damu, saa nyingi, pengine siku nzima na zaidi. Elimu yake ilikuwa ya upepo, ya nyayo, ya namna ya kuweka mguu chini bila kuvunja kijiti. Sisi tunaiita elimu, tena kubwa, wala siyo ushujaa wa watu wa porini kama vitabu vingi vya wakati wa ukoloni vilivyopenda kuandika.

Kule kusini, kwenye mbuga na miombo ya Katanga, mambo yalikuwa mengine kidogo. Macho yanafika mbali, lakini mshale na mkuki havifiki. Wawindaji wa Kiluba na wa Kisanga walikuwa na chama chao, buyanga, chenye mafunzo, dawa na miiko yake. Mtu hakuingia mule kwa kununua silaha. Aliingia kwa kufundishwa. Na sehemu kubwa ya mafunzo ni ileile ya Ituri: namna ya kupunguza umbali, kuufanya mdogo, mpaka silaha yako iweze kuusema.

Jina la Wayeke

Katika nusu ya pili ya karne ya 19 bunduki ziliingia Katanga kwa milango miwili. Mlango wa mashariki ulikuwa wa Waswahili na Wanyamwezi, wenye kutoka Zanzibar na Bagamoyo kwa njia ya Tabora na Ujiji. Mlango wa magharibi ulikuwa wa Waovimbundu wa Bihé, wenye kutoka Benguela. Msiri, mwana wa Wanyamwezi, alikaa kati ya milango yote miwili. Kutoka mji wake wa Bunkeya alipeleka pembe, shaba, chumvi na watumwa. Akapokea vitambaa, baruti na bunduki.

Watu wengi wanasahau kwamba jina lenyewe la Wayeke ni jina la uwindaji. Linatoka kwa wayege, chama cha wawindaji wa tembo kule Unyamwezi. Kumbe ufalme ambao tunausoma shuleni kama ufalme wa biashara na vita ulianza kama kundi la watu wanaofuata pembe. Silaha yao mpya ilibadilisha mambo mengi ya siasa. Lakini je, ilibadilisha umbali? Kidogo tu, nasi tutaeleza sababu.

Bunduki zile zilikuwa gobori: gumegume, inayowashwa na jiwe, na baadaye ile ya fataki. Unamimina baruti kwa mdomo wa mtutu, unashindilia kitambaa au nyuzi, unaweka risasi ya mviringo, na kama risasi hakuna unaweka vipande vya chuma. Ndani mtutu ni laini kama bomba, hauna ile mifereji ya kuzunguka ambayo inaizungusha risasi na kuifanya iende moja kwa moja. Risasi inagongagonga humo ndani na kutoka kwa upande inaoupenda. Tena kwa nyuma hakuna alama ya kulengea. Kwa mbele kuna punje ndogo ya chuma, basi. Mtu anayelenga kwa alama moja tu ni sawa na mtu anayepiga mstari kwa nukta moja: haiwezekani.

Kwa hiyo mwenye gobori aliyeijua kazi yake hakupiga mbali. Alisogea mpaka hatua 20 au 30. Dawa ya umbali ilikuwa miguu, sawa na ile ya Mmbuti. Tofauti ni kwamba sasa hakuwa na lazima ya kugusa mnyama. Ndiyo maana chama kama buyanga hakikufa wakati gobori lilipofika. Gobori lilihitaji mwindaji aliyefundishwa kusogea, na buyanga ndiyo ilifundisha kusogea. Mambo haya mawili yalioana vizuri sana.

Wachokwe walifanya ndoa hiyo ionekane kwa macho. Wote tunajua hadithi ya Chibinda Ilunga, mwindaji mwana wa Waluba aliyemwoa Lueji wa Walunda. Hadithi ni ya zamani sana, ya mbele ya bunduki kufika barani mwetu kwa wingi. Lakini katika baadhi ya sanamu ambazo Wachokwe walizichonga katika karne ya 19, Chibinda ameshika bunduki ya gumegume mkononi. Wasomi wengine wanasema mchongaji alikosea nyakati. Sisi hatuoni kosa pale. Wachokwe wa wakati ule walikuwa wawindaji wa pembe, na wafua chuma wao walijua kutengeneza na kubadilisha karibu kila kipande cha bunduki isipokuwa mtutu. Walimpa babu silaha ambayo wao wenyewe walikuwa wameifanya kuwa yao.

Msiri aliuawa tarehe 20 Desemba 1891 na kapiteni Bodson wa msafara wa Stairs. Bodson alitumia bastola, hatua chache tu kutoka kwake, naye akapigwa papo hapo na mtu wa Msiri. Mauti hayo mawili yalitokea karibu-karibu, kwa umbali wa gobori. Lakini nyuma ya Bodson ilikuwa inakuja silaha ya aina nyingine.

Chuma chenye namba

Mwaka 1867 jeshi la Ubelgiji lilipokea fusili inayoitwa Albini-Braendlin, ya milimeta 11. Ndiyo hiyo ambayo Leta ya Léopold iliwapa askari wa Force Publique, na wengi wao walikuwa bado nayo mpaka Vita Kuu ya 1914. Haijazwi kwa mdomo. Inafunguliwa kwa nyuma. Kila kitu kimefungwa pamoja ndani ya ganda moja la shaba: baruti, risasi, na kile kifataki kidogo katikati ya kitako cha ganda ambacho sindano ya bunduki inakigonga. Kwa sababu kila kartushi ina kipimo kilekile cha baruti, kila risasi inatoka na mwendo karibu uleule. Huo ndio mwanzo wa kila reglaje. Kwa gobori, ambapo leo baruti ni nyingi na kesho ni kidogo, hakuna kitu cha kupima.

Albini ilikuwa na jambo lingine ambalo bankambo hawakuliona bado kwenye bunduki: juu ya mtutu, kwa nyuma, ngazi ndogo ya chuma yenye namba. Unaisimamisha, unasogeza kipande chenye mwanya juu au chini kufuata umbali. Namba zile ni mita. Kwa mara ya kwanza silaha ilimwuliza mwenye nayo: yuko mbali kiasi gani?

Tueleze kwa nini swali hilo ni la lazima. Risasi ikitoka tu mdomoni mwa mtutu, inaanza kuanguka, sawa na jiwe uliloliachia kutoka mkononi. Haingoji. Ila inakwenda mbio mno hata jicho haliuoni mwanguko. Ile ya Albini, yenye kutoka kwa mita mia nne na kidogo kwa sekunde, inakuwa imeanguka kama sentimeta 30 ikifika mita 100, na kama mita moja na nusu, au pungufu kidogo, ikifika mita 200. Kwa hiyo mtutu lazima uelekezwe juu kidogo kuliko jicho linavyotazama. Risasi inapanda, inakata mstari wa macho, inapita juu yake, kisha inashuka na kuukata tena mara ya pili. Ile mara ya pili ndiyo umbali ambao bunduki imepimiwa. Kabla yake unapiga juu, na baada yake unapiga chini.

Sasa tazama hatari yake. Askari ameweka ngazi ya Albini kwenye 200, lakini swala amesimama mita 150. Risasi itapita karibu sentimeta 30 juu ya fasi aliyoilenga: itapita juu ya mgongo. Mtu yule macho ni mazima, mkono haukutetemeka, na bado amekosa, kwa sababu amekosea kuhesabu umbali. Mwenye gobori hakuweza kufanya kosa la namna hii. Ngazi yenye namba ilimpa askari ahadi ya mbali, na pamoja na ahadi ikampa njia mpya ya kukosa.

Bei ya kartushi

Hapa ndipo historia inakuwa mbaya. Mwezi wa Julai 1890, kule Bruxelles, mataifa ya Ulaya na mengine yalitia sahihi Mkataba juu ya biashara ya watumwa. Ndani yake kulikuwa na vifungu juu ya silaha. Kati ya digri 20 kaskazini na digri 22 kusini mwa ikweta, yaani nchi yetu yote na majirani zake, ilikatazwa kuingiza silaha za moto, na hasa zile zenye mifereji ndani ya mtutu na zile za kisasa, pamoja na kartushi zake. Kilichoachiwa mlango, kwa masharti, ni gumegume isiyo na mifereji na baruti ya kawaida ya biashara.

Tuseme ukweli: sababu iliyotolewa haikuwa ya uongo mtupu. Maniema ilikuwa imeteketea kwa bunduki za wakamata watumwa, na wazee wa kule hawakusahau. Lakini matokeo yalikuwa kwamba sheria iligawa umbali kwa rangi. Mzungu na askari wake walipata chuma chenye namba. Mwananchi aliachiwa hatua 30. Mwaka 1889 Leta ilikuwa imekwisha kukataza kuwinda tembo bila ruhusa yake, kwa hiyo hata zile hatua 30 hazikuwa zake tena mbele ya mnyama mwenye thamani.

Na askari mwenye Albini je, alipata nafasi ya kujifunza silaha yake? Alipewa kartushi kwa kuhesabiwa. Katika nchi za mpira, hasa kule Équateur na ziwa Mai-Ndombe, wakubwa walitaka kila kartushi iliyotumika iwe na ushahidi kwamba imeua mtu, na ushahidi ulikuwa mkono wa kuume. Roger Casement, konsoli wa Uingereza, aliyaandika haya katika ripoti yake iliyotoka mwaka 1904: askari wengine walitumia kartushi kwa kuwinda nyama, kisha wakakata mkono wa mtu aliye hai ili hesabu itimie.

Tumesoma habari hiyo mara nyingi kama habari ya mpira, na ni kweli ni ya mpira. Lakini isome tena kama habari ya uwindaji. Askari mwenye njaa amemwona swala. Bunduki yake hakuna mtu aliyempimia. Hajui inapiga kuume au kushoto, hajui ile 200 ya ngazi ni 200 kweli. Anapiga, anakosa, anapiga tena. Kila risasi iliyokosa ilikuwa deni, na deni lililipwa na mwanakijiji ambaye hakuiona ile fusili wala yule swala. Mtu wa namna hii angepata wapi kartushi tatu za kupiga karatasi?

Karatasi na mfuko wa mchanga

Maana reglaje yenyewe ni karatasi. Tuieleze jinsi inavyofanyika mpaka leo, kwa kuwa vijana wengi wanaona fusili kwenye filamu na kudhani inatoka dukani ikiwa tayari.

Unaweka bunduki juu ya mfuko wa mchanga, ili mkono na pumzi visiingie katika hesabu. Unaweka karatasi yenye alama kwa mita 25, halafu baadaye kwa mita 100. Unapiga tatu, polepole, ukilenga fasi moja. Usitazame risasi moja. Tazama tatu pamoja, katikati yao. Kama zimekaa pamoja lakini kushoto, alama ya nyuma inasogezwa kuume. Sheria ni hii: alama ya nyuma inakwenda upande unaotaka risasi iende, na alama ya mbele, gidoni, inakwenda kinyume. Ukitaka kupiga juu zaidi, inua ya nyuma, au punguza gidoni kwa tupa. Tupa haisamehe: kilichoondoka hakirudi, kwa hiyo wenye akili wanapunguza mara mbili, tatu, na kupiga tena kila mara.

Na kipimo ni kidogo ajabu. Kwenye bunduki ambayo alama zake mbili zimeachana kwa nusu mita, milimeta moja ya chuma inasogeza risasi kwa sentimeta 20 kwenye mita 100. Milimeta moja! Bunduki iliyoanguka kutoka kwenye baiskeli, au iliyogonga mti, inaweza kupoteza kiasi hicho bila mtu kuona kitu.

Kisha ni kuchagua umbali. Tuchukue fusili ya kuwindia ya karne ya 20, yenye kutoa risasi kwa mita kama 820 kwa sekunde, na alama za chuma zilizo sentimeta mbili juu ya katikati ya mtutu. Ukiipima kwa mita 100, kwenye mita 200 itapiga kama sentimeta 15 chini, na kwenye 300 nusu mita chini. Ukiipima kwa mita 200, kwenye 100 itakuwa kama sentimeta 8 juu, na kwenye 300 karibu 30 chini. Hakuna umbali mmoja unaofaa pote. Kwa mbuga za Upemba au Garamba mtu atachagua mita 150 au 200. Msituni mita 50 inatosha na kuzidi. Bunduki inapimiwa nchi ambayo itatembea ndani yake.

Ile mita 25 ya kwanza ina siri yake. Tumesema risasi inakata mstari wa macho mara mbili. Kwa bunduki hii ya alama za chuma, ikipiga sawasawa kwenye mita 25 inapopanda, itapiga sawasawa tena kama kwenye mita 100. Lakini weka darubini juu yake, sentimeta nne juu ya mtutu, na mita 25 ileile itakuletea karibu mita 200. Wengi wanakosea hapa. Wanapima mita 25 kwa darubini, wanadhani wamepima mita 100, na kesho yake wanashangaa kwa nini mnyama wa mita 100 amepigwa juu.

Wenye duka za London walijua haya yote mapema. Fusili walizowauzia wawindaji wa Afrika zilikuwa na vijani vidogo vya chuma kwa nyuma, kimoja kimesimama na vingine vya kukunjwa. Kimoja cha yadi 50 au 100, kingine cha 200, kingine cha 300. Fundi alipima kila kijani kwa kupiga kwa kartushi ileile ambayo mnunuzi angetumia. Hiyo ni sehemu ya bei aliyolipa.

Na pamoja na vijani vyote, waliokuwa wakubwa katika kazi ile walirudi kwenye hatua. Mtu anayetajwa kila mara ni W. D. M. Bell, Mskoti, aliyezaliwa 1880 na kufa 1954. Aliwinda pia katika Lado, kaskazini-mashariki ya Leta ya Léopold, eneo lililorudishwa upande wa Sudani mwaka 1910 baada ya mfalme kufa. Aliua tembo zaidi ya elfu moja, na wengi wao kwa fusili ndogo ya Rigby ya milimeta 7, wakati wenzake walibeba mitutu mikubwa ya kuvunja bega. Bell alipasua fuvu la tembo kwa msumeno ili aone ubongo umekaa wapi, kisha akasogea karibu na kuweka risasi ndogo fasi ile. Sisi hatumsifu kwa hesabu ya wafu wake. Ni hesabu ya kuhuzunisha. Lakini inafaa kuona kwamba mtu aliyekuwa na fusili nzuri kuliko wote, na kartushi asizohesabiwa na mtu, alifanya kazi yake kwa elimu ya Mmbuti: upepo, nyayo, ukaribu. Wale waliomfuatilizia nyayo walikuwa Waafrika, na majina yao hayako kwenye mabamba ya makumbusho.

Sheria ziliendelea kuja. Mkataba wa London wa 1900, ambao Leta ya Kongo iliutia sahihi, ulitaka pembe zilizo chini ya kilo 5 zinyang'anywe. Dekreti ya 21 Aprili 1937 ilipanga vibali vya kuwinda katika koloni nzima. Mwananchi aliweza kupata kibali cha bunduki ya fataki kwa kulipa. Katika miaka ya mwisho wachache, makarani na wenye mali, walipata kalibre 12. Fusili yenye mifereji ilibaki ya Mzungu. Hata kalibre 12, kwa uzuri wake wote, ni mtutu laini: umbali wake kwa nyama kubwa hauzidi sana ule wa gobori. Kwa hiyo uhuru ulitukuta, tarehe 30 Juni 1960, na mistari miwili ya wawindaji katika nchi moja, na ni mmoja tu uliowahi kupiga karatasi.

Alama ya П

Baada ya uhuru umbali ulifunguliwa kwa njia ambayo hakuna aliyeitaka. Sheria ya uwindaji ya 28 Mei 1982 na ile ya silaha ya 1985 zilipanga vibali kwa raia wote bila rangi. Lakini vita vya 1996 mpaka 2003, na vile vilivyoendelea mashariki baada yake, vilimwaga porini silaha ambayo haikuulizwa kibali: Kalashnikov.

Kwenye alama yake ya nyuma kuna namba 1, 2, 3 na kuendelea, kila moja ni mita mia. Nyuma ya 1 kuna herufi ya Kirusi, П. Askari wengi wanaiacha pale siku zote. Kwa ile ya milimeta 7.62, П ni sawa na mita 300. Iliwekwa kwa ajili ya vita: lenga kiuno cha mtu, na kwa umbali wowote mpaka mita 300 risasi itampata fasi fulani. Lakini mafundisho ya silaha yenyewe yanasema kwamba ikipimwa vizuri kwa 300, kwenye mita 100 inapiga sentimeta 25 juu ya fasi uliyoilenga. Kwa mwili wa mtu, sentimeta 25 ni kati ya kiuno na kifua. Kwa swala aliyelengwa moyoni, ni juu ya mgongo, au ni mfupa wa mgongo. Kwa tembo aliyelengwa moyoni ni jeraha la pafu, naye anakwenda kufia mbali, siku nyingine, fasi ambayo hata mwizi hataziona pembe. Silaha iliyopimiwa watu ilipelekwa kwa wanyama, na hakuna aliyeigusa ile alama.

Tunajua kilichofuata. Viboko wa Virunga walihesabiwa karibu 29,000 katika miaka ya 1970. Mwaka 2005 walikuwa hawafiki 1,000. Garamba, iliyoundwa 1938 na iliyokuwa nyumba ya mwisho ya kifaru mweupe wa kaskazini porini, ilimpoteza katika miaka ileile. Hatusemi ni kosa la herufi moja. Njaa, biashara na vita ndivyo vilivyofanya. Tunasema tu kwamba wale wanyama walipigwa na watu ambao hawakulipia kartushi kwa pesa yao wala kwa mafunzo, na mtu asiyelipia risasi hana sababu ya kusogea.

Vijijini, wakati huohuo, gobori halijafa. Katika Katanga mafundi wanatengeneza bado ile bunduki ya pupu, kwa bomba la chuma na mbao za hapahapa. Haina ngazi, haina namba, na mara nyingi hata gidoni yake ni tone la chuma lililochomelewa kwa macho tu. Mwenye nayo anajaza asubuhi mara moja, kwa baruti aliyoinunua kwa kipimo cha kifuniko, na akipiga ovyo hana ya pili ya kumsimamisha nyati aliyejeruhiwa. Kwa hiyo anatazama kwanza majani yanalalia wapi, anavua viatu, na kuanza kuhesabu hatua.